Mchanga Ndani ya Sado: Dagaa wa Ziwa Victoria na Sahani ya Mtu wa Simiyu

Mhadhara kwa wananchi, Bariadi



Jana jioni nilipita sokoni hapa Bariadi nikanunua sado moja ya dagaa. Mama aliyenipimia hakunipunja. Alijaza mpaka kichungu kikasimama, kisha akaniongezea kiganja cha nyongeza. Nilipofika nyumbani niliwapepeta kwenye ungo, nikawatia katika beseni la maji, nikawakoroga kwa mkono, nikawaopoa, nikayaacha maji yatulie. Alfajiri niliyamwaga yale maji polepole. Kilichobaki chini ya beseni nimekuja nacho katika glasi hii. Wa mbele mnaiona. Wa nyuma nitawapitishia. Ni mchanga, kina cha vidole viwili, na niliununua kwa bei ya dagaa.

Hakuna aliyelelewa mkoa huu asiyeujua. Mama zetu walitufundisha kuosha dagaa maji matatu, na bado katikati ya tonge mtu husikia ule mkwaruzo kwenye jino. Tumeuzoea hata tunauona kama sehemu ya dagaa mwenyewe, kama miba ilivyo sehemu ya samaki. Lakini mchanga huu hautoki ziwani pamoja na dagaa. Unaingia baadaye, ufukweni, kwa mikono yetu wenyewe. Na ndio unaoamua dagaa wa Ziwa Victoria aishie wapi: katika sahani ya mtoto, au katika kihori cha kuku. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na ninaomba mnivumilie nilieleze kwa utaratibu.

Dagaa ni nani

Neno dagaa tunalitumia kwa samaki wengi wadogo ambao kwa ukoo hawafanani. Dagaa mchele wanaovuliwa Unguja, Pemba na pwani ya bara ndio anchovi hasa, samaki wa bahari. Dagaa wa Kigoma, wale wanaouzwa ghali Dar es Salaam, ni wa jamii ya sadini: wataalamu humwita mmoja wao Stolothrissa, na mwenzake Limnothrissa wavuvi humwita lumbu. Dagaa wetu wa Ziwa Victoria ni mwingine kabisa. Yeye ni samaki wa maji baridi, ndugu wa mbali wa ningu, na jina lake la kitaalamu, Rastrineobola argentea, limebeba neno la Kilatini la fedha kwa sababu ya mng'ao wa magamba yake.

Ng'ambo ya maji Wajaluo wanamwita omena. Waganda wanamwita mukene. Ukienda Goma au Bukavu ukaomba dagaa, utaletewa sambaza, na huyo ni yule lumbu wa Tanganyika aliyehamishiwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Lumbu huyohuyo alipelekwa Ziwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960, na huko anaitwa kapenta. Malawi wana usipa wao. Kila ziwa kubwa la upande wetu wa Afrika lina samaki wake mdogo anayekaushwa juani, akafungwa kwenye gunia na kusafiri mbali bila barafu. Ndiye kitoweo cha mtu asiye na jokofu, na wasio na jokofu ndio wengi wetu.

Thamani yake inatokana na udogo wake. Sangara tunamla mnofu, kichwa na mifupa tunaweka kando. Dagaa tunamla mzima, na mifupa yake ndiyo yenye madini ya chokaa yanayojenga mifupa ya mtoto. Ndani yake mna madini ya chuma, zinki na vitamini, na akishakauka zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Mtoto huyo hahitaji dawa ya kutoka ng'ambo. Anahitaji kijiko cha unga wa dagaa safi katika uji wake, kila siku.

Ziwa lililobadilika

Katika wilaya tano za mkoa wetu, Busega peke yake ndiyo inayogusa ziwa, kwenye Ghuba ya Speke. Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu ni nchi kavu ya pamba, mtama na ng'ombe. Hata hivyo kutoka hapa hadi Lamadi, ufukweni mwa Busega, ni kama kilomita 70 za lami. Dagaa aliyeanuliwa mchana huko anaweza kuwa kwenye sufuria ya Bariadi usiku huohuo. Basi tusijione kuwa watu wa mbali na ziwa.

Wazee waliopo hapa wanawakumbuka furu. Walikuwa samaki wadogo wa aina mamia, na ndio waliojaa ziwani kuliko wote. Miaka ya 1970 serikali ilitaka kuwafanya furu mali, zikaletwa meli za kukokota nyavu katika Ghuba ya Mwanza na kikajengwa kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa mifugo. Haikupita miaka mingi mavuno ya furu katika ghuba ile yakaanza kushuka. Kisha miaka ya 1980 sangara, aliyekuwa amepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kishindo na kuwamaliza wengi wa waliobaki.

Ninawakumbusha hayo kwa sababu mbili. Kwanza, dagaa ndiye aliyechukua nafasi ya furu. Alipoondoka mla vijidudu mmoja, mwenzake akapata chakula na nafasi, na leo kwa uzito dagaa ni kama nusu ya samaki wote wanaovuliwa Ziwa Victoria. Sangara anazungumzwa zaidi kwa sababu ya viwanda vya minofu na fedha za kigeni, lakini dagaa ndiye anayelisha watu wengi. Pili, ziwa hili limeshaona mara moja samaki mdogo wa chakula akigeuzwa unga wa mifugo. Tunajua ilivyoanza na tunajua ilivyoisha.

Kazi ya usiku wa giza

Uvuvi wa dagaa unafuata kalenda ya mwezi. Siku za giza kambi inakuwa hai. Mbalamwezi ikishika anga, mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, watu wanakwenda kuona familia. Dagaa hufuata mwanga, na mwezi ukiwa mkubwa taa ya mvuvi haina nguvu ya kumwita. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Sasa wengi wamehamia taa za betri na za sola, zinazopunguza gharama ya mafuta na zisizozimika kwa upepo. Usiku wa giza, ukisimama ufukweni, utaona safu ya taa juu ya maji hadi macho yashindwe, kama mji uliojengwa ziwani.

Sheria yetu ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zimeweka kipimo: tundu la wavu wa dagaa katika ziwa hili lisiwe chini ya milimita 8. Mwaloni kila mtu anajua kwamba zipo nyavu za milimita 6, na hata 5. Zinaleta madebe mengi usiku mmoja, lakini ndani ya madebe hayo wamo dagaa ambao hawajazaa hata mara moja, pamoja na vifaranga vya sato na sangara. Dagaa ana bahati ya kukua upesi, kwani hukomaa kabla ya kutimiza mwaka, na ndiyo maana amestahimili mkono wetu mzito mpaka leo. Lakini watafiti wa ziwa wameona kwamba anakomaa akiwa mdogo wa umbo kuliko zamani. Samaki anapoanza kuzaa akiwa mdogo namna hiyo, anatupa taarifa kuhusu hali yake, na ni wajibu wetu kuisikia.

Mwelekeo wa kanda nzima

Nikizungukia maziwa na bahari ya upande wetu, naona mambo matatu yanatokea kwa pamoja.

La kwanza, serikali zimeanza kuyapumzisha maziwa. Kenya ina utaratibu wa kufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai. Uganda ilianza kutumia jeshi kupambana na zana haramu ziwani mwaka 2017, na mjadala wa namna ya kuvua mukene haujaisha. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Huko Tanganyika kuna sababu ya ziada. Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba maji ya juu ya ziwa lile yamepata joto, hivyo hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha dagaa kinapungua. Hapo hata mvuvi mwenye wavu halali anaumia kwa moshi uliofuka nchi za mbali.

La pili, soko limepanuka. Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, wanunuzi wanatoka Kongo, Rwanda, Burundi na Zambia. Dagaa wa Unguja, anayechemshwa kwa maji ya chumvi kisha akaanikwa, anavuka bahari na nchi nzima hadi kwa mlaji wa Kongo. Hilo ni jema, kwa kuwa linaleta fedha kwa mvuvi na kwa mama anayekausha.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria haifiki mdomoni mwa mtu. Inakwenda viwanda vya chakula cha mifugo vya Mwanza na Dar es Salaam, na ng'ambo ya mpaka hadi Nairobi. Mji ukikua, watu wanataka mayai na kuku, na kuku wanataka protini. Sina ugomvi na mfugaji wa kuku. Lakini kilo ya dagaa ikishapita tumboni mwa kuku, inayorudi kama nyama au yai ni pungufu, na inarudi kwa mwenye uwezo wa kununua yai. Mtoto wa Itilima ambaye mama yake alikuwa anamudu kibakuli cha dagaa hayumo katika hesabu hiyo.

Dunia imeshatupa funzo. Nchi ya Peru ndiyo yenye uvuvi mkubwa kuliko wote wa samaki wa aina moja, na samaki wao ni anchovi. Mwaka 1970 walivua zaidi ya tani milioni 12, karibu zote zikasagwa kuwa unga wa kulishia kuku na nguruwe wa nchi tajiri. Mwaka 1972 bahari yao ikapata joto la El Niño huku samaki wakiwa wameshachoka kuvuliwa, na mavuno yakaporomoka. Maelfu ya wavuvi na wafanyakazi wa viwanda walikosa kazi. Na miaka yote ile ya wingi, samaki yule hakuwa kitoweo cha maskini wa Peru. Alipita mbele ya milango yao akaenda zake.

Mchanga unavyohamisha dagaa

Sasa nirudi kwenye glasi yangu. Inakuwaje dagaa wetu aelekee kwa kuku?

Twendeni ufukweni alfajiri. Mtumbwi umefika, mama amenunua ndoo zake kwa mvuvi, mara nyingi kwa mkopo. Dagaa wabichi wanang'aa, wana harufu ya maji tu. Mama hana chanja. Anachagua sehemu kavu ya mchanga, anawamwaga, anawatawanya kwa mkono au kwa fagio. Jua likiwaka vizuri, jioni wamekauka. Watoto wanapita, mbuzi wanapita, bata wanapita. Dagaa anakauka huku tumbo lake likiwa limegandana na mchanga. Kisha mama anawafagia pamoja, anawaingiza guniani, na kila fagio linachota mchanga zaidi.

Mvua ikinyesha hasara inakuja yote siku moja. Dagaa walio chini wanalowa kutoka juu na kutoka chini, kwa sababu mchanga unashika maji. Siku ya pili wanaanza kunuka, siku ya tatu wamegeuka rangi. Hapo anatokea mnunuzi wa chakula cha kuku. Yeye hajali rangi, hajali harufu, analipa papo hapo kwa bei ya chini, na mama mwenye deni la ndoo hana ubavu wa kukataa. Akifanya hivyo msimu mmoja, miwili, anaona hakuna faida ya kuhangaikia usafi. Mchanga wa bure na mnunuzi asiyejali vimekutana, na dagaa amehama sahani.

Tazameni njia hiyo kwa makini. Hakuna mtu mbaya ndani yake. Mvuvi amevua, mama amekausha, mnunuzi amelipa. Kilichokosekana ni meza ya kumwinua dagaa kutoka ardhini, urefu wa kiuno cha mtu.

Chanja ni nini? Ni miti iliyochimbiwa, fito juu yake, na wavu uliotandazwa. Hata wavu chakavu unafaa. Upepo unapita juu na chini, hivyo dagaa anakauka upesi kuliko mchangani. Mvua ikija, maji yanapita, na turubai linaweza kutandazwa juu kwa dakika chache. Dagaa wa chanja anabaki na mng'ao wake, hana mchanga, na hauzwi kwa bei ya kuku. Elimu hii imetolewa mialo mingi kwa miaka mingi, na wapo akina mama wanaoitumia na kufanikiwa. Wengine wanakaanga, wanapaki, wanauza mjini. Lakini bado mchanga unashinda, kwa sababu mlaji hajauliza.

Michembe na pamba

Hapa ndipo ninapotaka kusema na watu wa Bariadi kama watu wa Bariadi.

Sisi ni watu wa kukausha. Nani hapa hajala michembe ya viazi? Nani hajala matobolwa? Nani hajawahi kufunguliwa nsansa, mboga ya majani makavu, wakati wa kiangazi, ikapikwa na karanga? Bibi zetu walijua kuhifadhi chakula cha mwaka mzima bila umeme. Na walipokuwa wanaanika viazi, waliviweka wapi? Juu ya jiwe lililofagiwa, au juu ya kitanga. Hakuna bibi wa Kisukuma aliyemwaga michembe mchangani. Angeonekana hakulelewa. Kipimo hicho cha usafi tunacho nyumbani tayari. Tulichokosa ni kukidai kwa dagaa.

Na sisi ni watu wa pamba. Mkoa wetu unazalisha zaidi ya nusu ya pamba ya Tanzania, na katika pamba tumepigana na mchanga miaka mingi. Mnakumbuka mizani ya zamani, marobota yaliyotiwa maji na mchanga ili yaongeze uzito. Nani aliumia? Jina la pamba yetu yote liliumia, na bei ikaumia nayo, hata ya mkulima aliyechambua kwa uaminifu. Tukajifunza kutenganisha pamba safi na fifi, kila moja na bei yake. Mkulima anachambua kwa sababu anajua kuchambua kunalipwa.

Dagaa hana daraja. Sado ni sado. Mama wa chanja na mama wa mchanga wanakaa jirani sokoni, na tunanunua kwa yule mwenye kichungu kirefu. Sisi wanunuzi ndio tunaomfundisha muuzaji kwamba mchanga unalipa.

Ninapendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, soko la Bariadi na minada yetu itenge dagaa wa chanja na dagaa wa mchangani, kila mmoja na meza yake na bei yake. Halmashauri inaweza kulisimamia hilo kwa kibao na usimamizi wa afisa uvuvi. Dagaa wa kuku auzwe kwa jina lake, ili mfugaji apate chake bila kuvuruga cha mlaji.

Pili, Busega ipewe dagaa kama Maswa ilivyopewa chaki na Meatu maziwa. Mkoa wetu ulijulikana nchi nzima kwa kauli ya wilaya moja, bidhaa moja, kiwanda kimoja. Kiwanda cha dagaa si lazima kianze na mashine. Kianze na chanja za pamoja mwaloni, ghala lisilovuja, na mkopo wa halmashauri kwa vikundi vya akina mama, ili asiwepo anayeuza dagaa wabovu kwa sababu ya deni la ndoo. SIDO wasaidie vifungashio, TBS wasaidie alama. Na kikundi cha usimamizi cha mwalo, BMU, kisimamie kipimo cha wavu kwa ukali uleule, maana chanja haitakuwa na kazi ikiwa ziwa limemalizwa na nyavu za milimita 5.

Tatu, shule zetu. Mkoa huu ulijenga sifa kwa kambi za kitaaluma, wazazi wakichanga mahindi na maharage ili watoto wasome. Kwa moyo uleule, tuweke dagaa safi katika uji na mboga ya shule. Shule ni mnunuzi wa uhakika, na mnunuzi wa uhakika anayedai dagaa asiye na mchanga ataleta chanja nyingi ufukweni kuliko semina kumi.

Ndugu zangu, ziwa hili tunalitumia pamoja na Wakenya na Waganda, na samaki hawa wadogo tunawatumia pamoja na Wakongo, Warundi na Wazambia. Hatuwezi kuamua peke yetu kuhusu joto la maji wala bei ya chakula cha kuku cha Nairobi. Lakini kilomita 70 kati ya Lamadi na Bariadi ni zetu. Mtu akisimama mbele ya meza ya dagaa, kabla hajauliza bei, amwambie mama kwa heshima: mayu, dagaa hawa wameanikwa wapi? Swali hilo likiulizwa mara moja ni la mtu mmoja mwenye kujali. Likiulizwa na soko zima mwezi mzima, litafika mwaloni kwa lori la kwanza, na mama wa Lamadi atatafuta miti ya chanja.

Nimewaletea glasi. Ninaiacha hapa mezani. Anayetoka na akapita sokoni leo, aanze kwa kuuliza.